Zahanati Iliyofungwa na Maswali Mawili Bungeni: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki ni cha nani

Nilifanya kazi kama msaidizi wa Mbunge mmoja wa jimbo la vijijini, Tanzania Bara. Pamoja na mengine, nilikuwa nikiandaa maswali yake ya Bungeni. Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wasaidizi wenzangu, madiwani, na wananchi wanaompigia Mbunge wao simu wakisema, "Mheshimiwa, tuulizie." Jina la Mbunge, jimbo, halmashauri, kijiji na mwaka nimeviondoa. Makosa mengi utakayoyasoma hapa ni ya upande wetu, na mawili kati ya makubwa ni yangu mimi.

Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Katika kutaja njia za kufanya hivyo, inaanza na hii: kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma ambayo yako katika wajibu wake. Tulikuwa tumeisoma ibara hiyo mara nyingi. Maneno ya mwisho, yale ya wajibu wake, tuliyapita kama mtu anayepita kibao cha barabarani anachokijua. Sehemu kubwa ya kisa hiki imetokana na hapo.

Usuli

Kijiji kilianza kujenga zahanati kwa nguvu za wananchi. Walichanga fedha kaya kwa kaya, wakasomba mawe na mchanga, wakafyatua matofali, na boma likafika kwenye linta. Hapo likasimama miaka kadhaa, kama maboma mengi nchini. Baadaye Serikali ikaleta fedha za ukamilishaji. Likaezekwa, likapigwa plasta na rangi, milango na madirisha yakawekwa. Jengo likawa zuri kuliko ofisi yoyote ya umma katika kata ile. Kisha likafungwa kwa kufuli, na kufuli hilo lilikuwa bado lipo masika mawili baadaye.

Zahanati ya jirani iko ng'ambo ya mto. Kiangazi mto huo unavukwa kwa miguu, lakini masika haupitiki. Mama mmoja alijifungulia ukingoni akisubiri maji yapungue, huku wifi yake akiwa ndiye mkunga. Yeye na mtoto walipona. Ni mama huyo aliyesimama kwenye mkutano wa hadhara na kumuuliza Mbunge jengo lile walilijenga ili liangaliwe na nani.

Hakuna sera iliyokuwa inakosekana. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, lengo la Serikali linajulikana hata na watoto wa shule: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Kwa hiyo hakuna Waziri ambaye angesimama kusema kijiji kile hakistahili zahanati. Lilikuwa jambo ambalo kila mtu analikubali na bado halifanyiki. Maswali ya namna hiyo ndiyo magumu zaidi Bungeni, maana jibu la kukubali linapatikana kwa urahisi mno.

Msomaji aelewe pia jinsi mzigo ulivyogawanyika. Wizara ya Afya inashika sera, miongozo na viwango vya vituo. Zahanati yenyewe ni mali ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Watumishi wanaajiriwa kwa kibali kinachopitia Utumishi. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa, MSD, lakini MSD haiwezi kuipelekea dawa zahanati ambayo haijasajiliwa na kupewa namba yake. Mlango ulikuwa mmoja, ila funguo zilikuwa katika mikono minne.

Swali la kwanza

Tuliliandika swali kama yanavyoandikwa maswali mengi: je, ni lini Serikali itaifungua zahanati ya kijiji hiki ili wananchi waanze kupata huduma? Nililiandika mimi, kwa dakika zisizozidi kumi, na nililiona limekaa vizuri. Tukalipeleka kwa Katibu wa Bunge kwa utaratibu wa kawaida, likapangiwa siku katika Mkutano wa Bajeti, mwezi Mei.

Siku ikafika. Saa tatu asubuhi dua ikasomwa, hati zikawasilishwa mezani, maswali yakaanza. Mbunge akasimama, akaomba swali lake lijibiwe. Naibu Waziri akajibu kwa niaba ya Waziri, kwa adabu na kwa kifupi. Serikali inatambua umuhimu wa zahanati hiyo, inawapongeza wananchi kwa nguvu zao, jengo limekamilika, na huduma zitaanza mara baada ya kupatikana kwa watumishi na vifaa tiba, kadiri ya upatikanaji wa fedha.

Katika jibu hilo hapakuwa na neno la uongo hata moja. Lakini hapakuwa pia na neno ambalo mtu angeweza kulishika kesho yake na kuliulizia.

Muuliza swali la msingi ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na nafasi hiyo ndiyo nyama ya kipindi kizima. Jibu la msingi limeandikwa na kupitiwa na watu wengi, lakini la nyongeza Naibu Waziri analijibu akiwa amesimama, kwa anachokijua. Sisi tulizitumiaje? La kwanza lilihusu barabara ya kata nyingine iliyokatika. La pili lilihusu kituo cha afya cha kata ya tatu. Kwenye zahanati yenyewe hatukurudi tena.

Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake, wala haukuwa uzembe. Jimbo lilikuwa na vijiji vingi, na Mbunge alikuwa amekaa wiki nyingi bila kupata nafasi ya kuuliza. Kila kijiji kilitaka kusikia jina lake likitajwa. Mwananchi anayesikia jina la kata yake redioni anajua kwamba hajasahaulika, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyezoea kusahauliwa. Mheshimiwa aliniambia wazi kwamba akiuliza jambo moja mara tatu, kata mbili zitamuuliza kwa nini hakuwataja. Nilikubaliana naye. Leo nisingekubali, lakini siwezi kujifanya kwamba hoja yake haikuwa na uzito.

Kipande cha video kilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya jimbo jioni ileile. Watu walifurahi, na mwenyekiti wa kijiji akapiga simu kushukuru. Kufuli likabaki mlangoni.

Miezi iliyofuata

Bajeti ikapitishwa, mwaka mpya wa fedha ukaanza tarehe 1 Julai, na sisi tukaamini kwamba jambo liko njiani. Hilo ni kosa langu la kwanza kubwa. Sikuandika barua hata moja ya kufuatilia. Nilichukulia kwamba jibu la Serikali likishaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, kuna mahali fulani mtu ameliandika kwenye daftari lake la kazi.

Aliyetuamsha ni diwani wa kata ile. Alikuja ofisini jimboni mwezi Oktoba na swali la kawaida kabisa: kwenye ikama ya mwaka huu, zahanati yetu imeombewa watumishi wangapi? Ikama ni hesabu ya nafasi za watumishi za mwaka. Hatukujua. Tukaenda naye kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na huko ndiko tulikojifunza ndani ya saa moja yale ambayo swali la Bungeni halikutufundisha.

Zahanati haikuwa imesajiliwa. Haikuwa imesajiliwa kwa sababu ukaguzi ulikuta vitu viwili havipo, kichomea taka na choo cha wagonjwa. Fedha za ukamilishaji zilikuwa zimeishia kwenye jengo kuu. Kwa kuwa haikuwa na usajili, haikuwemo kwenye orodha ya vituo vinavyoombewa watumishi, na kwa hiyo ikama haikuwa na hata nafasi moja kwa jina lake. Haikuwa na akaunti ya benki, kwa hiyo hata zile fedha ambazo tangu mwaka wa fedha 2017/2018 zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja vituoni zisingekuwa na pa kuingilia.

Basi lirudie jibu la mwezi Mei: huduma zitaanza mara baada ya kupatikana kwa watumishi. Watumishi wasingepatikana kamwe, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaomba. Na hawakuombwa kwa sababu ya choo na tanuri la kuchomea taka. Mnyororo mzima ulikuwa umening'inia kwenye kazi ya fundi wa wiki mbili.

Kitu kingine tulichoambiwa siku ile kilinikosesha usingizi. Swali letu lilipofika wizarani mwezi Mei, wizara ilihitaji taarifa. Ikaandika mkoani, mkoa ukaandika halmashauri, na halmashauri ikaipeleka barua kwenye dawati la idara ya afya. Ofisa wa dawati hilo akaandika aya moja, ikapanda ngazi zilezile kurudi juu, ikasafishwa lugha, ikasomwa Dodoma. Swali lilikuwa limesafiri nchi nzima kwenda na kurudi ili lijibiwe na ofisi iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ofisi yetu ya jimbo. Tena ni ofisi ileile yenye mkwamo. Mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri hiyo. Angeweza kuuliza pale, kwenye kikao cha robo mwaka, na kupewa jibu kamili kuliko lile.

Njia zilizokuwa mezani

Tulikaa watatu, Mbunge, diwani na mimi, tukapima.

Diwani alitaka swali la papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi. Tuliliacha. Kipindi kile ni cha mambo ya kisera, na zahanati ya kijiji kimoja ingeweza kukataliwa papo hapo na Kiti, yaani Spika au anayeongoza kikao. Hata kama ingepita, Waziri Mkuu angeagiza wahusika walifanyie kazi, nasi tungekuwa tumerudi kwenye dawati lilelile.

Mbunge alipendelea kwenda kuzungumza na Waziri faragha. Mawaziri wengi ni Wabunge wenye majimbo yao na shida hizihizi, na mazungumzo ya namna hiyo huzaa matunda mara nyingi kuliko wananchi wanavyofikiri. Lakini tulikuwa tayari tumeshapewa jibu moja lisiloshikika. Tulihitaji la maandishi, linalosomwa mbele ya watu.

Tukaamua mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza, kumaliza yaliyo ndani ya uwezo wa halmashauri kabla ya kuigusa Dodoma. Pili, kuuliza swali jipya katika Mkutano wa Januari na Februari badala ya kusubiri Bajeti, kwa sababu miezi hiyo ndiyo halmashauri zinapojadili rasimu zao za bajeti, na rasimu inaweza kurekebishwa. Swali la mwezi Juni linakuta hesabu zimeshafungwa. Tatu, maswali yote mawili ya nyongeza yabaki kwenye zahanati. Hili la tatu lilitugharimu mjadala wa jioni nzima. Mbunge alikubali baada ya diwani kumwambia kwamba kata yake iko tayari isitajwe kabisa, mradi mlango ufunguliwe.

Kwenye Baraza la Madiwani mwezi Novemba, Mbunge aliomba mapato ya ndani yajenge choo na kichomea taka. Mkurugenzi Mtendaji alikubali, ikaandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Mwezi Januari ulipoingia, choo kilikuwa kimekamilika. Kichomea taka kilikuwa bado kinasubiri fedha.

Swali la pili

Swali jipya lilichukua siku nne kuandikwa. Lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu (a) iliuliza ni zahanati ngapi katika halmashauri hiyo zimekamilika majengo lakini hazijasajiliwa, na kila moja inakosa nini. Sehemu (b) iliuliza ni watumishi wangapi wameombewa kwa ajili ya zahanati hizo katika ikama ya mwaka wa fedha unaofuata.

Angalia lilivyojengwa. Neno "lini" limeondolewa, kwa sababu "lini" linajibika kwa "mara baada ya." Sehemu (a) haiwezi kujibiwa bila mtu kwenda kuhesabu. Sehemu (b) inajibika kwa namba tu, na kama namba ni sifuri, ofisa anayeandaa jibu anaiona sifuri hiyo akiwa mezani kwake, wiki kadhaa kabla ya Waziri wake kusimama. Hakuna anayependa kumwandikia Waziri sifuri. Tulilielekeza swali kwa mwenye zahanati, yaani TAMISEMI, na tukaiacha sera kando.

Sekretarieti ya Bunge ililipunguza maneno kidogo, lakini kiini kilibaki.

Jibu lilipokuja lilikuwa la aina nyingine kabisa. Halmashauri ilikuwa na zahanati nne za namna hiyo, si moja. Kila moja ilitajwa pamoja na kinachokosekana. Zahanati yetu ilibakiza kichomea taka peke yake. Na watumishi walikuwa wameombewa kwa zote nne. Baadaye tulithibitisha kwa Mganga Mkuu kwamba maombi hayo yaliingizwa baada ya swali letu kufika. Swali lilikuwa limefanya kazi yake kabla halijaulizwa.

Nyongeza ya kwanza: kwa kuwa kinachokosekana ni kichomea taka tu, na kwa kuwa halmashauri imeshajenga choo kwa mapato yake, usajili utakamilika ndani ya robo ipi ya mwaka? Naibu Waziri, bila karatasi, alitaja robo ya nne ya mwaka wa fedha, yaani Aprili hadi Juni. Nyongeza ya pili: je, yuko tayari kuongozana na Mbunge baada ya Mkutano huu kwenda kuiona zahanati hiyo? Akasema yuko tayari.

Ombi la kuongozana linasikika Bungeni kila wiki, na wapo wanaoliona kuwa ni la kujionyesha. Zamani nilikuwa mmoja wao. Katika kisa hiki lilifanya kazi kwa njia ambayo hatukuitegemea. Ziara ilipopangiwa tarehe, kichomea taka kilichokuwa kikisubiri fedha tangu Novemba kilijengwa kwa siku tisa. Naibu Waziri alipofika, saruji ilikuwa bado haijakauka sawasawa. Kiongozi akija, kila ngazi chini yake inakagua ilichokiacha nyuma. Ila njia hii haiwezi kuwa utaratibu wa nchi, kwa sababu manaibu mawaziri ni wachache na zahanati zilizofungwa ni nyingi.

Shilingi ambayo haikushikwa

Mkutano wa Bajeti ukaingia, usajili ulikuwa umepatikana, lakini watumishi hawakuwa wamefika. Katika mchango wake wa kuzungumza Mbunge alitangaza kwamba asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi ya Waziri. Kwa wasiofahamu: Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, Mbunge anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri. Shilingi yenyewe si kitu. Kinachotakiwa ni mjadala, kwa kuwa Wabunge wengine wanaweza kuunga mkono na Waziri analazimika kutoa ahadi inayoeleweka. Muda nao ni mfupi, na ukiisha, mafungu ya bajeti yaliyobaki yanapitishwa kwa pamoja chini ya utaratibu unaoitwa gilotini.

Siku moja kabla ya mafungu, ofisa mwandamizi alimfuata Mbunge kwenye korido na kumhakikishia kwamba watumishi wawili wa zahanati ile wamo kwenye kundi litakalopangwa Agosti. Alikuwa na karatasi yenye orodha. Mbunge aliridhika, na siku ya pili hakusimama.

Kosa langu la pili kubwa ndilo hilo. Nilimshauri aridhike. Nilifikiri tumepata tulichokitaka, na kwamba kushika shilingi baada ya hapo ni utovu wa shukrani. Sikumwambia afanye jambo jepesi: asimame, aombe Waziri airudie ahadi ile mbele ya Kiti, ashukuru, akae. Dakika moja ingetosha, na maneno ya korido yangeingia kwenye Taarifa Rasmi. Tena zile zahanati nyingine tatu zilikuwa zimetajwa na Serikali yenyewe mwezi Februari. Tungeweza kuuliza kuhusu zote nne kwa sentensi moja. Tuliisahau orodha tuliyoipigania wenyewe, kwa sababu kijiji chetu kilikuwa kimepata.

Matokeo

Mlango ulifunguliwa mwezi Septemba. Tabibu mmoja na muuguzi mkunga mmoja waliripoti, shehena ya kwanza ya dawa ikafika, akaunti ikafunguliwa. Mama yule wa ukingoni alikuwa miongoni mwa waliokuja siku ya kwanza, akiwa na mtoto mgongoni kwa ajili ya chanjo.

Tabibu alikuwa ajira mpya. Muuguzi hakuwa. Alihamishwa kutoka zahanati ya ng'ambo ya mto, ileile iliyokuwa ikiwahudumia watu wetu, na kule akabaki mtumishi mmoja anayefanya kazi ya kutibu, kuzalisha na kugawa dawa peke yake. Hatukuliuliza hili. Swali letu lilihusu wangapi wameombewa. Halikugusa watakakotoka.

Zahanati tatu nyingine zilikuwa bado zimefungwa nilipoondoka katika kazi ile.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Tofauti kubwa kati ya Mei na Februari ilikuwa umbo la swali. Serikali ilikuwa ileile, na bajeti ilikuwa ileile. Swali la kwanza liliomba nia ya Serikali, na nia ya Serikali ilikuwa njema tangu mwanzo. La pili liliomba hesabu na orodha. Nimejizoeza tangu hapo kufanya jaribio moja kabla ya kupeleka swali lolote: naandika mwenyewe jibu la Serikali. Nikiweza kuliandika bila kutoka kitini na bila kumpigia mtu simu, najua ofisa naye ataweza, na swali nalirudisha kwenye rasimu.

Kuanza nyumbani kulisaidia kwa njia mbili. Kulipunguza mambo yanayokosekana kutoka mawili hadi moja, hivyo Serikali haikuwa na nafasi ya kusema kwamba halmashauri haijatimiza sehemu yake. Pia kulimpa Mbunge ujuzi wa kuuliza nyongeza inayobana. Anayejua kwamba kinachokosekana ni kichomea taka hawezi kuzungushwa na maneno ya vifaa tiba.

Wakati nao ulikuwa upande wetu. Kama ningelazimika kuchagua jambo moja tu kati ya haya, ningechagua kuuliza Februari badala ya Mei. Swali zuri lililochelewa linapata pole. Swali la wastani lililowahi rasimu ya bajeti linaweza kupata fungu.

Na diwani. Yeye ndiye aliyeuliza swali bora kuliko yote katika kisa hiki, lile la ikama, na aliliuliza ofisini akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, bila kipaza sauti.

Uchambuzi: kilichoharibika

Kuhusu ufuatiliaji nimeshasema. Niongeze tu kwamba baada ya Februari nilianza kutunza daftari lenye safu nne: ahadi ilivyosemwa, aliyeisema, tarehe aliyoitaja, na tarehe yetu ya kuandika barua. Ni kazi ya dakika tano kwa kila swali. Ningekuwa nalo mwezi Mei, kijiji kingeokoa miezi mitano.

Kushindwa kulikoniuma zaidi ni kwa muuguzi. Tunapouliza Bungeni kuhusu huduma ya mahali pamoja, tunaiomba Serikali itatue tatizo mahali pamoja, na njia rahisi kuliko zote ya kufanya hivyo ni kulihamishia jirani. Ofisa aliyemhamisha muuguzi hakufanya ubaya. Alikuwa na ahadi ya Waziri ya kutimiza na hakuwa na mtu mwingine. Tulimbana kwa nguvu mahali ambapo hakuwa na pa kutokea isipokuwa kwa watu wasiokuwa na mtu wa kuwaulizia siku ile. Nyongeza yetu ya pili ingeweza kuwa hii: je, Serikali itahakikisha kwamba watumishi watakaopelekwa hawatapunguzwa katika kituo kingine ndani ya halmashauri hiyo? Lilikuwa swali la sekunde kumi na tano. Tulilibadilisha kwa ziara.

Sidai kwamba ziara ilikuwa makosa. Bila ziara, huenda kichomea taka kingengoja mwaka mwingine. Nasema kwamba nafasi zilikuwa mbili tu, na katika kuzipanga hatukufikiri hata kidogo juu ya ng'ambo ya mto, ingawa kata ile nayo ni ya jimbo letu na watu wake walimpigia kura Mbunge huyuhuyu.

Mwezi mmoja baada ya ufunguzi tulikwenda kule kwenye mkutano wa hadhara. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole, alisubiri mpaka salamu na taarifa ya maendeleo viishe. Akamshukuru Mbunge kwa kazi njema aliyowafanyia majirani. Kisha akauliza ni kigezo gani kilitumika kumchukua muuguzi wao. Mheshimiwa aliinamisha kichwa akaandika. Usiku ule, tukiwa njiani kurudi, aliniomba nianze rasimu ya swali la tatu, na akaniambia safari hii nianzie kwa Mganga Mkuu.